Siku Saba za Fort Jesus

Ukiteremka kutoka Shika Adabu hadi ufuo wa Shelly, bahari iko wazi mbele yako. Chombo kinachokuja Mombasa hukiona mapema, kikiwa bado tanga tu kwenye upeo. Ningepewa filamu ya kuanguka kwa Fort Jesus, kamera moja ningeiweka hapa Likoni, mbali na moshi wa mizinga.

Waomani walianza kuihusuru ngome hiyo ya Wareno tarehe 13 Machi 1696 na hawakuingia hadi 13 Desemba 1698. Miezi 33! Mji wote ulikuwa mikononi mwao, basi kilichowachelewesha ni nini? Ni kazi ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyeichora ngome ile, ikaanza kujengwa mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe. Buruji zimetokeza pembeni ili anayeusogelea ukuta apigwe kutoka ubavuni. Tena kuna njia ya kushukia baharini, kwa hiyo meli ikifika kutoka Goa, makao ya Wareno kule Uhindi, watu na chakula huingia. Ngome ya namna hiyo haitekwi kwa fujo. Hungojewa mpaka njaa na maradhi yafanye kazi yake.

Na yalifanya. Katikati ya mwaka 1697 tauni ilikuwa imewamaliza karibu Wareno wote. Ulinzi ukamwangukia Bwana Daudi wa Faza, akiwa na watu 17 wa ukoo wake, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Isome tena hesabu hiyo. Ngome ya mfalme wa Ureno ilisimama kwa sababu ya Mswahili kutoka Faza na wanawake ambao hatujaachiwa hata jina moja lao. Mimi nasema kilele cha filamu ni hapa, wala si siku ya kukwea kuta. Mwongozaji akae na hao wanawake: nani analala, nani yuko zamu juu ya ukuta, maji yanagawanywa vipi, nani anaangalia bahari.

Msaada ulifika Septemba. Mojawapo ya meli za Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mwaka huohuo chini ya ngome yenyewe. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake viko kwenye makumbusho mle ndani. Hapo makumbusho pia utaona kipande cha ukuta kilichochorwa na askari wa Kireno wa karne ya 17, kwa makaa na udongo mwekundu. Wamechora meli. Sogea karibu uone milingoti na kamba zilivyowekwa moja moja, kazi ya mtu asiye na haraka. Filamu ingefunguka kwa mkono ulioshika kaa, unachora tanga.

Kufikia Desemba 1698 ndani walibaki kapteni, wanaume tisa na kasisi mmoja. Waomani wakaingia.

Siku saba baadaye msafara wa Goa ukatokea. Picha hii niachieni mimi, na isiwe na muziki: ufuo wa Likoni asubuhi, mvuvi na ngalawa yake, matanga yanakua kwa mbali. Yanasogea, yanapunguza mwendo. Juu ya ngome inapepea bendera ya Omani. Kisha, moja baada ya jingine, matanga yanageuka.