Kufuta na Kughairi: Uhakiki wa Istilahi za Kusakinisha Linux

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi za mwongozo mmoja wa Kiswahili, wenye kurasa nne tu, ulioandikwa ili kuwasaidia walimu kusakinisha mfumo endeshi wa Linux kwa mara ya kwanza. Mwongozo huo haukuchapishwa. Ulipigwa chapa na kurudufiwa kwa ajili ya semina ndogo tuliyoihudhuria mjini Morogoro, katika chumba ambacho madirisha yake yanaitazama Milima ya Uluguru. Hatutamtaja mwandishi wala mahali palipofanyika semina, kwa sababu makosa tutakayoyaeleza si ya mtu mmoja. Ni yetu sote tunaoshughulika na kazi ya istilahi.

Walimu wale walikuwa na sababu nzuri ya kukutana. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya Windows 10 bila malipo, na kompyuta nyingi za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11. Mwalimu mwenye kompyuta ya namna hiyo aweza kuendelea nayo bila kinga, aweza kununua nyingine kama fedha anayo, au aweza kuweka Linux, mfumo ambao hauuzwi na ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuunakili na kuurekebisha. Kiini cha mfumo huo kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Matoleo yake sasa ni mengi. Lililotumika Morogoro ni Ubuntu, lililoanza kutolewa mwaka 2004 kwa jitihada za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Na jina lenyewe, kama msomaji atakavyotambua, ni ndugu wa neno letu utu. Hilo ndilo neno pekee la Kibantu tuliloliona kwenye kiwamba siku ile. Mengine yote yalikuwa ya Kiingereza, na kazi ya mwongozo ilikuwa kumshika mwalimu mkono toka neno moja hadi jingine.

Usakinishaji wenyewe si mgumu. Mfumo huwekwa katika flashi, kompyuta ikawashwa kutoka katika flashi hiyo, na mtumiaji akaweza kuujaribu bila kuigusa diski ya ndani. Akiridhika, huulizwa swali moja lenye uzito kuliko mengine yote: je, Linux ikae kando ya mfumo wa zamani, au diski nzima isafishwe na kila kilichomo kipotee?

Hapo ndipo mwongozo ulipoteleza. Katika ukurasa wa pili uliagiza hivi: mtumiaji asiyetaka kuendelea achague kufuta. Mwandishi alikuwa na maana ya kuiacha kazi kabla haijaanza. Katika ukurasa wa tatu neno hilohilo lilitumika kwa maana ya kuondoa kila kitu kilichohifadhiwa katika diski. Mwalimu mmoja, mtu makini na mzoefu wa kazi yake, aliingiwa na shaka, akataka kutoka. Akausoma mwongozo, akaona kufuta. Akatafuta katika kiwamba neno la Kiingereza lenye maana ya kufuta, akaliona, akalichagua. Kompyuta, kama ilivyo desturi yake, ilimwuliza mara ya pili kama ana hakika. Naye alikuwa na hakika kabisa kwamba anataka kutoka. Alama za wanafunzi wake za miaka mitatu zilipotea, na sehemu kubwa ilibidi zichapwe upya kutoka katika madaftari.

Mtu aweza kusema kwamba mwalimu huyo angekuwa na nakala ya kazi yake. Ni kweli, lakini jibu hilo haliihusu lugha. Tatizo la lugha ni kwamba kitenzi futa kimebebeshwa mizigo mingi katika maandishi ya ofisi zetu. Twafuta ubao, na chaki hutoweka. Twafuta mkutano, na mkutano haufanyiki. Kesi hufutwa mahakamani. Mtumishi hufutwa kazi. Muktadha hutuokoa kila mara, kwa kuwa hakuna mtu atakayechukua kitambaa kwenda kuufuta mkutano. Kiwambani muktadha huo haupo. Kilichopo ni kitufe kimoja chenye neno moja, na upande wa pili wa neno hilo kuna kitendo kisichorudishika.

Kiswahili hakikosi neno. Kughairi ni kubadili nia kabla ya tendo, na hakuna Mswahili aliyeghairi safari akiwa amekwisha kufika. Tena ni neno fupi, linaloenea katika kitufe chembamba. Waliofasiri programu za kompyuta kwa Kiswahili wamekwisha kulitumia kwa maana hiyohiyo, nasi tunaona kwamba wamepatia. Tunapendekeza futa libaki kwa kuondoa kilichokwisha kuwapo, na ghairi kwa kuacha kisichokwisha kutendeka. Na kwamba mwandishi wa mwongozo asivibadilishane vitenzi hivi hata anapochoka kurudia neno moja. Kurudia neno ni dosari katika insha. Katika maelekezo ya mtambo ni wajibu.

Kuhusu kusakinisha, mwongozo ulifanya vizuri. Neno limetokana na sakini, yaani kukaa mahali, ambalo ni ndugu wa maskani. Kulisakinisha jambo ni kulipatia makazi. Wapo waliopendelea kusimika. Sisi tungependa kusimika kubaki kwa vitu vya kushikika, kama minara ya mawasiliano iliyosimikwa juu ya kilele cha Bondwa, ambayo watu wa Morogoro huiona kutoka mjini. Mafundi wa mitaani hawana habari na ubishi huu. Wao husema kupiga windo, na mteja huelewa, ingawa kwa mwindaji windo ni kitu kingine kabisa. Usemi huo una uhai, lakini unaficha jambo: mara nyingi anayepigiwa windo husafishiwa diski, na neno kupiga halimwonyi.

Neno lililotusumbua zaidi ni lile la sehemu za diski zilizotengwa ili kila mfumo uwe na mahali pake. Mwongozo uliziita viambaza. Kiambaza ni ukuta; hutenga vyumba, lakini chenyewe si chumba, na mwalimu aliyeambiwa achague kiambaza cha kuwekea Linux alikuwa na haki ya kucheka. Neno sehemu nalo ni pana mno. Tungeshauri kitalu, neno ambalo kila mtumishi aliyeshika hati ya kiwanja amelisoma. Kitalu kina mpaka, kina ukubwa unaopimika, na kinaweza kupewa mtu mwingine bila kitalu cha jirani kuguswa. Mkulima wa Mgeta, anayelima mboga katika matuta kwenye mteremko mkali, hahitaji kufafanuliwa kwamba kupima mpaka vibaya ni kuingia katika shamba la mwenzio.

Mzizi hatukuafikiana. Katika Linux neno hilo la Kiingereza lina kazi mbili: ni mahali ambapo majalada yote huanzia, na ni jina la mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kulifasiri kwa neno moja kote kuwili ni kuuleta utata wa wenzetu nyumbani. Kwa mtumiaji, msimamizi mkuu latosha. Kwa majalada tuliliunga mkono shina, kwa kuwa matawi hutoka katika shina, mpaka mjumbe mmoja alipotukumbusha kwamba katika muundo wa chama shina liko chini ya tawi. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania pingamizi hilo si dogo.

Kazi hii haianzi leo. Baraza lilikuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu tangu miaka ya 1970. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye Kiswahili. Lakini mfasiri wa programu kwa kawaida huletewa orodha ya maneno yaliyokatwa kutoka mahali pake. Huliona neno, hakioni kitufe. Wala hajui kama atakayekibonyeza atakuwa anatoka au anaangamiza. Tunaliomba Baraza, pamoja na wote wanaoandaa orodha hizo, lidai kwamba kila neno la kuamuru liambatane na maelezo ya kitendo kinachofuata likibonyezwa, na kwamba tafsiri ijaribiwe mbele ya kompyuta na watu wasioijua kazi hiyo, kabla haijapitishwa.

Mwandishi wa mwongozo alikubali kuurekebisha jioni ileile. Alibadilisha kufuta kuwa kughairi katika ukurasa wa pili, akaandika kitalu kwa kalamu juu ya kiambaza, na akakataa katakata kuacha nywila, ingawa wajumbe watatu walimwambia kwamba nenosiri hujieleza lenyewe.