Aliyepotea Hutafutwa na Nani?

Wasomaji wetu wengi wamefurahishwa na habari za Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Humo Inspekta wa polisi huhangaika, na Bwana Msa, asiye na cheo cha Serikali, ndiye afumbuaye fumbo. Desturi hii ya watunzi ina mzee wake, naye ni Sherlock Holmes, aliyetungwa na Arthur Conan Doyle wa Uingereza. Twataka kuipima kwa hadithi moja ya Holmes, kwa kuwa yahusu msiba uwezao kuingia nyumba yoyote: mtu kupotea.

Ni hadithi ya mtu mwenye mdomo uliopindika, iliyochapishwa mwaka 1891. Bwana mmoja, Neville St. Clair, alikwenda London kama kawaida yake. Mkewe, akipita katika kichochoro, alimwona mumewe dirishani juu, mara akatoweka. Askari waliingia pamoja naye, wasione ila mwombaji mchafu na nguo za yule bwana. Wakamfunga mwombaji, wakidhani ameua. Holmes alikesha akivuta tumbaku na kuwaza. Alfajiri akaenda kituoni na sifongo, akamwosha yule mfungwa uso. Kumbe ndiye St. Clair mwenyewe! Kuomba njiani kulimpa fedha nyingi kuliko kazi yake ya gazeti, naye aliona heri kifungo kuliko watoto wake kumwonea haya.

Hadithi ni nzuri, na fundisho lake ni kweli: wako wapotezwao na aibu, si na adui. Polisi walikuwa na mtu waliyemtafuta chini ya kufuli yao, wasimjue, kwa sababu hawakuosha uso wake. Lakini mtunzi hakutenda haki. Holmes ana nyumba moja ya kushughulikia. Askari wana mji mzima. Tena Holmes naye alikwisha kuamini kwamba bwana yule amekufa, mpaka mke alipomwonyesha barua iliyotoka kwa mumewe. Na hata alipojua kweli, ilimpasa kubisha mlango wa polisi, maana mtu wa faragha hana ruhusa ya kufungua kifungo.

Mambo ya kweli yalimjaribu mtunzi mwenyewe. Usiku wa tarehe 3 Desemba, 1926, Agatha Christie, mtunzi wa hadithi za namna hii hii, alitoweka kwake huko Sunningdale. Gari lake lilionekana limeachwa. Polisi na raia wengi walipekua vichaka, hata ndege zikaruka. Conan Doyle je? Hakukesha akiwaza kama Holmes. Alichukua glavu ya yule mama akampelekea mtu aliyedai kusema na roho za wafu. Lakini walioleta habari ni wapiga muziki wa hoteli moja mjini Harrogate: walimtambua mgeni aliyejiandikisha kwa jina jingine, wakawaarifu polisi. Tarehe 14 mumewe akaja, akamtambua.

Twajifunza nini? Kwamba mpelelezi mwenye akili ya ajabu ni pambo la kitabu. Aliyepotea hupatikana pale ajuaye anaposema, na mwenye mamlaka anaposikiliza. Hatusemi kwamba polisi hawana kosa. Wako wamwambiao mama mwenye machozi arudi kesho, na hao wanastahili lawama kuliko Inspekta yeyote wa hadithi. Lakini na sisi vijijini tuna kosa letu. Mtoto asiporudi, wengine hukimbilia kwanza kwa mpiga ramli, na siku tatu zikapita kabla ya kumwambia askari. Wengine huficha ugomvi wa nyumbani, wakiona aibu, na kumbe ugomvi huo ndio njia aliyoifuata aliyeondoka.

Yule mwanamke wa Injili, alipopotewa na fedha yake moja, hakungoja mwenye akili aje. Aliwasha taa, akafagia nyumba yake mwenyewe, akatafuta kwa bidii. Basi, ndugu, tuzisome hadithi hizi kwa furaha. Lakini akipotea mmoja wetu, tuwashe taa siku ile ile, na tuseme kweli yote tuijuayo, hata ile ituoneayo haya.