Supa Modo: Mtoto Anajua

Wiki iliyopita niliitazama tena Supa Modo, ya Likarion Wainaina wa Kenya, hapa nyumbani Mbeya, nimejifunika blanketi. Ni filamu ya 2018, ilioneshwa Berlin mwaka huohuo, na haifiki hata dakika 80. Kama hujaiona, nitagusa mwisho wake.

Jo ana miaka tisa na ni mgonjwa wa kufa. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini Maweni. Mama anataka apumzike kitandani. Dada yake, Mwix, anataka aishi. Jo anapenda sinema za mapigano na ana ndoto ya kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, basi Mwix anakishawishi kijiji kizima kuigiza kwamba nguvu hizo anazo kweli.

Wengi wanaisifu kwa sababu shujaa wake ni mtoto wa Kiafrika. Sawa, lakini tusiishie kwenye rangi. Cha maana zaidi ni kwamba huyu shujaa hana nywele kichwani, anachoka haraka, anaongea Kiswahili cha nyumbani kwao, na sinema amezijulia palepale kijijini. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, tukimsikiliza Lufufu akitutafsiria, tunamfahamu mtoto huyu. Tulijifunga kanga shingoni, tukaruka kutoka ukutani.

Ila kilichoniliza ni kingine. Nikiwa na miaka minane, Iringa, dada yangu alifariki. Mimi nikaambiwa amesafiri, yuko Dodoma. Watu wamejaa uani, akina mama wanalia, mimi naambiwa amesafiri! Kwa miezi kadhaa kila nikipita stendi nilikuwa natazama wanaoshuka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, walitaka kunilinda. Lakini walinifanya niomboleze peke yangu, kwa siri, kama mwizi.

Ukitazama harakaharaka utasema Maweni nao wanamdanganya mtoto. Mimi naona tofauti. Jo anajua kwamba anakufa. Mchezo ule haumfichi kifo, unampa kazi ya kufanya na watu wa kuifanya nao. Ndiyo maana kijiji kinapokaa kuitazama filamu yake, yeye hayupo, hakuna anayehitaji kusema amesafiri. Wanacheka na kulia pamoja.

Kasoro ipo. Maweni ni kijiji kisafi mno, hakina mila ya msiba inayotambulika kuwa ya mahali fulani. Wazee wake wangeweza kuwa wa popote. Nahisi watengenezaji, wakishirikiana na kampuni ya Kijerumani, walitaka kila mtu aelewe. Gharama yake ni kwamba kifo cha Jo hakina matanga. Mbeya na Iringa msiba una ratiba, una vyakula, una wanaolala chini. Ningependa kuona Jo akiwekwa ndani ya hayo.

Na bado nasubiri filamu ya ndoto inayotoka huku. Jiwe la Gangilonga lipo juu ya mji wa Iringa, na jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Ziwa Ngozi lipo, na ukungu wake. Sijawahi kumsikia shujaa wa sinema akisalimia "kamwene".

Siku mtu akiitengeneza, nina ombi moja tu: mtoto aliyemo aambiwe ukweli.