Ugeni na Vituko Vyake Katika Masimulizi ya Safari

Masimulizi ya Mswahili aliyefika ng'ambo yamezoeleka kusomwa kwa kicheko. Msomaji hutazamia chakula kisicholika, baridi isiyovumilika, salamu isiyoitikiwa. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba usomaji wa namna hiyo hautoshi. Kituko cha ugenini hakitokani na tofauti ya mila peke yake. Hutegemea pia ni nani anayemtazama mwenzake, na ni nani mwenye uwezo wa kumcheka.

Tuanze na Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka wa 1901. Humo Selim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller, anasimulia safari yao ya Urusi na Siberia ya mwaka wa 1896. Ni rahisi kuiita kazi hiyo orodha ya miji na maajabu. Lakini wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe, na Selim anaijua maana ya usemi huo. Hakwenda kutazama tu. Watu walimkusanyikia wamtazame yeye. Mtazamaji amegeuka kuwa kitazamwa, naye analisimulia jambo hilo bila ya kulalamika na bila ya kujidhalilisha. Utulivu huo wa lugha ndio fani yake. Anapofika katika nchi za Waislamu, Samarkand na Bukhara, ugeni unapungua ijapokuwa masafa kutoka pwani ni yale yale. Mambo ya dini wanayoshiriki yanamweka karibu na watu ambao hajui lugha yao. Kumbe umbali wa nchi si kipimo cha ugeni.

Hoja hii inathibitishwa na masimulizi mengine ya kitabu hicho hicho. Mtoro bin Mwinyi Bakari anasimulia safari yake ya Udoe na Uzigua, nchi zilizo nyuma tu ya Bagamoyo. Hakuvuka bahari wala hakuona theluji. Hata hivyo anaandika kwa jicho la mwungwana wa pwani anayezistaajabia mila za watu wa bara. Hapa Mswahili ndiye mwenye kutazama, na Mdoe ndiye kuku mweupe. Anayefundisha simulizi moja na kuiacha nyingine atawapotosha wanafunzi wake, kwani watadhani kwamba Mswahili ni mtazamwa siku zote, au kwamba ni mtazamaji siku zote.

Tunapofika kwa Martin Kayamba sauti inabadilika. Mwaka wa 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba, watoe ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Kitabu chake cha mwaka wa 1932 kinaitwa Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Msomaji wa sarufi hatakosa kukiona kiambishi tu-. Selim alisema safari yangu. Kayamba anasema sisi. Anayesema kwa niaba ya wengi hujivika heshima ya ujumbe, na katika heshima hiyo tuhuma ndogo na aibu ndogo za kila siku hazina nafasi kubwa.

Yafaa basi tuulize masimulizi haya yalisomwa na nani. Velten alikusanya maandishi yake kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani, wakiwemo waliojifunza Kiswahili ili wakaitumikie serikali ya kikoloni. Kabla yake, C. G. Büttner alikuwa amechapa mwaka wa 1894 habari za Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin. Adabu ya pwani haimruhusu mgeni kutangaza ubaya wa mwenyeji wake akiwa bado nyumbani mwake. Sembuse mwenyeji huyo anapokuwa ndiye mhariri na mpiga chapa!

Ndiyo sababu kimya kina uzito kuliko vituko. Mtoro alikwenda Berlin mwaka wa 1900 kufundisha, na Desturi za Wasuaheli ikatoka mwaka wa 1903. Kitabu hicho kinaeleza kwa utuo mila za kwao, lakini hakielezi maisha ya mwandishi ugenini. Twajua kutoka kwingine kwamba alidharauliwa na wanafunzi wake akaiacha kazi. Na kwamba mwaka wa 1905, alipojaribu kurudi Afrika ya Mashariki na mkewe Mjerumani, hawakuruhusiwa kushuka pamoja. Alirejea Ujerumani, akafia Berlin mwaka wa 1927. Mikasa hiyo haiwezi kuitwa tofauti ya mila. Ni dhuluma, na anayeichanganya na kichekesho cha baridi na chakula ameisoma fasihi hii vibaya.

Idara zetu zimeyatumia maandishi haya zaidi kama vielelezo vya Kiswahili cha kale. Napendekeza yasomwe pia kama fasihi, na mwanafunzi aulizwe mambo matatu: nani anatazama, nani aliandikiwa, na lipi halikusemwa. Asiyeuliza hilo la tatu ataondoka na kicheko tu.