Begi Langu Halinuki Tena, Linanukia!

Nimerudi Mtwara jana jioni, na hata kandambili sijavua nimeshawapigia simu watu watatu: njooni mnuse! Mnuse nini? Begi! Begi langu la mgongoni, lile la kijani, chakavu, lililochanika mfuko wa pembeni, ambalo mwaka mzima limelala nje ya mlango kama mbwa aliyekosa adabu. Usiku wa jana limelala ndani. Kitandani, jamani. Karibu na mto!

Sasa nisikilize wewe mwenzangu unayependa kutembea, wewe unayeujua ule ukimya unaoingia ndani ya basi mtu akivua buti. Sisemi kikwapa cha kawaida mimi. Begi hili lilikuwa na kikwapa cha safari zote, lina uvundo wa hema lililokunjwa bichi, lina shombo la pweza (nilimbebea mtu, mara moja tu, usiniulize), na bado! Juu ya yote hayo likaja tope la mikoko. Tulikuwa tunatembea kwa miguu kutoka Palma, ng'ambo ya Ruvuma, maji yamekupwa, tunaufuata ufuko kuelekea upande wa Quionga, raha mustarehe, mara nikakanyaga pasipokanyagika. Magoti. Kiuno. Begi, buti na mimi mwenyewe! Lile tope jeusi, laini, zito kama uji wa mgonjwa, linanuka mayai viza, tena mayai viza hasa, kwa sababu huko chini kusikofika hewa kuna vijidudu vinavyoitengeneza gesi ileile ya yai lililooza. Nasi kwa akili zetu tukakimbilia kusuuza baharini. Kosa la karne! Chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kitu hakikauki ukakiona kimekauka. Mikanda ya begi ikabaki chepechepe siku nzima, na ule uvundo ukajenga nyumba ya kudumu.

Tukarudi Palma kwa mwenyeji wetu, bibi mmoja wa Kimakwe. Nikasimama uani. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu. Umebeba nini, kimekufa lini?"

Nilitaka kuzama tena topeni.

Lakini hakucheka sana. Mzigo uliolowa chumvi anaujua, akasema. Machi 2021 Palma ilipovamiwa aliondoka na kifurushi kichwani, akatembea, akapanda boti, na nguo alizokuja kuzifungua baada ya siku nyingi hazikuwa nguo tena. Akanyamaza kidogo, kisha akanituma kisimani.

Mimi nilishaona chetezo chake cha udongo pembeni ya mlango, nikadhani tunaruka moja kwa moja kwenye udi. Thubutu! "Udi hauogeshi mtu," akasema. Kwanza maji baridi, tena mengi, sabuni ya mche, na nusu za ndimu zinasuguliwa kwenye mikanda, kwenye mgongo wa begi, kwenye kila mahali ambapo ngozi imegusa. Maji ya kwanza yalitoka meusi tii. Ya pili kama chai ya rangi. Ya tano bado kama chai, ila ya mgeni asiyependwa! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini shati la pamba likifuliwa linasamehe mara moja lakini nailoni na poliesta zina kinyongo: mafuta ya jasho yanazing'ang'ania, vijidudu vinakula humo, na ukitoka jasho kidogo tu, harufu ya mwaka jana inaamka na kukusalimia. Zile dawa za kupuliza nilizonunua kwa pesa nyingi? Zilinipa begi linalonuka kikwapa chenye maua.

Kisha jua. Begi limegeuzwa ndani nje, limening'inizwa kichwa chini, mdomo wazi, kutwa nzima, na kesho yake tena. Hema tulilianika kivulini kwenye upepo, ule utando wake wa kuzuia maji haupendi kuokwa. Ndani ya buti bibi alisokomeza vipande vya mkaa baridi vilivyofungwa kwenye kitambaa. Mambo ya kungoja haya, nayaruka, maana mwili wote unanisisimka kufika jioni ya siku ya tatu.

Jioni ya siku ya tatu! Chetezo katikati ya ua, makaa mekundu yaliyovikwa jivu jepesi, bibi anachukua udi wake wa kuchanganya, wa sandali na sukari na sijui maua gani, anaudondosha kidogo kidogo. Chsss! Sukari inachemka, moshi unapanda mweupe, mzito, mtamu, unakujia usoni mpaka unasahau ulikuwa unasema nini. Tenga linafunikwa juu ya chetezo, begi juu ya tenga, kitambaa cha kapulana juu ya begi. Kimya. Halafu, wallahi, zipu za mifuko zikaanza kufuka! Mfuko wa kulia ukatoa uzi wa moshi, wa kushoto ukaitikia, wa juu ukafuata, begi zima linapumua kama treni ndogo. Nilipiga makofi. Mtu mzima na ndevu zangu, nikapiga makofi!

(Soksi yangu moja iliteleza ikaangukia makaani ikayeyuka, na harufu ya nailoni inayoungua nadhani ilifika Quionga. Weka vitu vyako juu, mbali na moto. Na iwe uani, kwenye hewa, kamwe si chumbani umefunga mlango, maana moshi wa mkaa unaua.)

Bibi akaniambia, nusa. Nikaingiza kichwa chote begini. Chote! Nikatafuta pweza, hayupo. Nikatafuta tope, halipo. Nikachimba kwenye ule mshono wa chini ambako kikwapa kilikuwa na makao makuu: sandali, ndimu kwa mbali, na kitu kama jikoni kwa mtu anayekupenda. Kati ya kunuka na kunukia kuna herufi moja tu, nami nimeitafuta mwaka mzima madukani.

Jana kwenye mashua ya kuvuka Ruvuma, mzee aliyekaa ubavuni kwangu alinusa hewani mara mbili, akawatazama kina mama waliokaa mbele, kisha akaniinamia.

"Kijana, harusi iko wapi?"

Nikamnyooshea buti.

"Nusa, babu."

Akanusa. Na bado! Akanusa na la pili.