Kusudi la Maisha Katika Kitabu cha Samuel Smiles

Vitabu vinavyomwelekeza kijana kuishi kwa kusudi vimejaa madukani, na vingi vyavyo, kwa kujua au kwa kutojua, ni wajukuu wa kitabu kimoja: Self-Help, yaani juhudi ya mtu kujiinua mwenyewe, alichokitoa Samuel Smiles mjini London mwaka 1859. Smiles alikuwa Mskochi, tabibu kwa elimu, aliyepata pia kuwa mhariri wa gazeti. Twaona yafaa kukipima kitabu chake kabla hatujawapa wanafunzi wetu mausia yake.

Mafunzo yenyewe ni mepesi kutaja na mazito kutenda: mtu aishike kazi yake, asidharau saa zilizo tupu, wala asingoje bahati. Smiles hayathibitishi kwa hoja bali kwa visa vya watu. George Stephenson, mhandisi wa garimoshi, alifika umri wa miaka 18 hajui kusoma, akajifunza usiku baada ya kazi. Visa kama hiki vina nguvu, maana kijana huamini mtu kuliko amri.

Lakini kisa cha Bernard Palissy chatutia shaka. Mfinyanzi huyu wa Ufaransa, katika karne ya 16, alitafuta kwa miaka mingi siri ya kung'arisha vyombo kwa rangi nyeupe. Kuni zilipomwishia, tanuri lingali likiwaka, alivunja meza na rafu za nyumba yake akazitia motoni. Smiles amsifu kwa ustahimilivu. Sisi twauliza: meza ile ilikuwa ya nani? Mkewe na watoto walitoka mbio mjini wakipiga kelele kwamba amerukwa na akili, na kitabu chawapita upesi mno. Mwalimu asiyewataja hao amefundisha nusu ya kisa.

Hata hivyo, si haki kumwita Smiles mhubiri wa ubinafsi. Katika toleo la 1866 alilalamika kuwa jina la kitabu limewapotosha watu, na sura yake ya mwisho yahusu uungwana, ambao kwake hautokani na mali wala cheo.

Tena kitabu chenyewe kina asili ambayo wasifu wake wengi huiruka. Smiles asimulia kwamba vijana wachache wa kazi mjini Leeds walikuwa wakikutana jioni kufundishana, ajuaye kidogo akimfundisha asiyejua. Walianza katika nyumba ndogo. Wakati wa joto wakasomea bustanini. Baridi ilipoingia wakakodi ukumbi uliopata kuwa hospitali ya muda ya kipindupindu, ambao watu wote waliuogopa. Walipofika kama mia moja, walimwomba Smiles azungumze nao, na mazungumzo hayo ya mwaka 1845 ndiyo yaliyozaa kitabu.

Basi kitabu cha juhudi ya mtu mmoja kilizaliwa na watu mia waliosaidiana, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa sura. Sisi tuliolisikia neno kujitegemea katika Azimio la Arusha mwaka 1967, likikusudiwa taifa na kijiji kabla ya mtu, twaliona pengo hili upesi. Mwalimu atakayekisoma na darasa lake tungependa aanzie katika ukumbi ule wa Leeds, ndipo aingie kwa Stephenson na Palissy.