Mkono wa Sista

Sista mkongwe wa wodi ya wanaume, sasa amestaafu, hakuwa mtu wa kukimbilia faili. Aliletewa mzee anayeweweseka, ndugu wakinong'ona kwamba malaria imepanda kichwani, au pana mkono wa mtu. "Shikamoo baba. Hebu toa ulimi nikuone." Akautazama. Akapitisha vidole kwapani kutafuta unyevu, akabonyeza muundi aone kama panabaki shimo, akakagua mshipa wa shingo. Kisha akauliza ndugu: nyumbani anakunywa dawa gani? Binti akatoa kwenye mkoba vidonge vya presha, vile vya kukojoza, ambavyo huweza kushusha sodiamu, chumvi ya damu. Daktari akaitwa, damu ikapimwa sodiamu kabla dripu yoyote haijatundikwa.

Kawaida sodiamu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Mashine hutupa tarakimu, nasi tunaishukuru. Lakini 118 ya aliyekaushwa na kuharisha na 118 ya aliyevimba kwa moyo kuchoka ni tarakimu moja: wa kwanza huongezewa maji ya chumvi, wa pili hupunguziwa maji. Mashine haiwatofautishi.

Na watoto! Mtoto mchanga aliyekorogewa maji yenye chumvi kupita kiasi, sodiamu ikampanda, ngozi yake ukiifinya ni kama unga uliokandwa. Haionyeshi ukavu, na asiyejua humwona mzima. Sista alimjua kwa kilio na kiu isiyokatika.

Ufundi mkubwa kuliko wote ulikuwa kujizuia. Sodiamu iliyoshuka taratibu hupandishwa taratibu, isizidi milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24. Mwenye degedege hupewa chumvi ya asilimia 3, kidogo kidogo, chini ya macho makali. Ukiharakisha, mgonjwa huzinduka, watu wakafurahi, na siku chache baadaye ulimi unakuwa mzito, viungo vinalegea: ubongo umeumia. Madaktari wa Marekani waliyaandika madhara hayo mwaka 1959, ingawa ilipita miaka ndipo haraka ikatambuliwa kuwa chanzo.

Siku hizi kila aliyelegea hutundikiwa glukosi ya asilimia 5 "apate nguvu", hata mwenye sodiamu ya chini, ambaye kwake hayo ni maji matupu juu ya maji. Chati ya maji haijazwi. Mkojo unamwagwa bila kupimwa. Najua wodi zimefurika na wauguzi ni wachache. Bado inaniuma kwamba kupima mkojo kumeonekana kazi duni.

Mabingwa kama Sista wanastaafu mmoja baada ya mwingine. Ninyi mnaoajiriwa sasa, wafuateni majumbani kwao mkawaulize wangali hai.